Siku Nilipomwendesha Dereva Milimani

Binti yangu aliteguka kifundo cha mguu siku ya pili ya safari, akishuka kutoka kwenye gari-nyumba na mtungi wa maji mkononi. Tulikuwa kwenye uwanja wa kupigia kambi nchini Austria, chini ya barabara inayopanda mlima kwa kona zilizowekewa vibao vya namba. Mguu ulioumia ulikuwa wa kushoto, wa klachi. Kufikia saa nne asubuhi ulikuwa umevimba hadi kiatu kikakataa kuingia. Yeye ni muuguzi, kwa hivyo alijifunga bandeji mwenyewe bila makelele, kisha akanirushia funguo.

"Mama, sasa ni wewe."

Baba yake alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono mfukoni. Mtu huyo alikuwa ameendesha malori kwa miaka ishirini na mitatu. Aliziangalia funguo zikipita hewani, akaniangalia nilipozidaka. Leseni yake ilikuwa imeisha muda wake na hakuwa ameifanya upya. Kwenye karatasi za kukodi gari kulikuwa na majina mawili tu, la binti yetu na langu.

Gari-nyumba ni kama kanta, lori lile dogo, iliyojengewa chumba nyuma. Lina vitanda, jiko la gesi, sinki, na choo ambacho ukikalia magoti yanagusa mlango. Binti yetu alikuwa amelikodi kwa siku sita. Alikuwa amefanya kazi hospitalini huko kwa miaka miwili, akatukaribisha sote wawili, na alituambia waziwazi alichotaka.

"Nataka safari moja na wazazi wangu wote. Moja tu. Mkikosana, mtashuka mtembee."

Mimi na baba yake hatukuwa tumelala chini ya paa moja kwa miaka kumi na sita.

Nilipanda mlango wa kushoto, kwa sababu huko usukani uko kushoto. Yeye akapanda wa kulia. Nyumbani Kenya hapo ndipo mahali pa dereva, na nilimwona akiketi kama alivyoketi maisha yake yote, mgongo wima, magoti yamefunguka kidogo, isipokuwa mbele yake hapakuwa na kitu ila dashibodi na ramani. Binti yetu alijilaza nyuma, mguu juu ya mito miwili. Nikawasha gari.

Niseme tulikuwa akina nani. Tulioana na kuishi pamoja miaka kumi na moja. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Yeye alibeba ngano kutoka Ainabkoi na mahindi kutoka Chepsaita hadi mjini Eldoret, kwa lori la mfanyabiashara mmoja Msomali, mzee aliyejulikana kama Hajji, aliyekuwa na duka la magunia na vipuri nyuma ya soko. Tulikuwa na kijishamba Kiplombe na nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu. Tangu siku za uchumba aliniita Mwalimu, nami nikamwita Dereva, na hatukuwahi kuyabadilisha majina hayo, hata baada ya yote.

Mimi ni mzaliwa wa Uasin Gishu, kama mama yangu na nyanya yangu. Watu wake walitoka upande wa Nyandarua yeye akiwa bado anabebwa. Msomaji Mkenya hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Asiye Mkenya atosheke kujua kwamba tofauti hiyo ya kabila, ambayo kwa miaka kumi na moja ilihusu tu nani anapenda mukimo wa viazi na nani anapenda maziwa ya mursik, mwaka ule wa uchaguzi iligeuka ikawa ya kufa na kupona.

Kona ya kwanza niliipanda vizuri. Ya pili, mkono wangu wa kushoto ulienda kutafuta gia ukagonga mlango.

"Gia iko huku," Dereva alisema.

"Najua."

"Shuka gia."

"Nimeshuka."

"Shuka tena."

"Iko sekondi, Dereva. Ikishuka tena tutasimama katikati ya barabara."

Kutoka nyuma binti yetu akasema, "Baba, wacha Mama aendeshe."

Akanyamaza, lakini mguu wake wa kulia haukunyamaza. Kila tulipokaribia kona ulikanyaga sakafu, ukashikilia, ukaachilia. Nilikuwa nauona kwa pembe ya jicho. Nilijifunza kuendesha gari nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwenye shule ya udereva mjini, wanafunzi wenzangu wakiwa na umri wa watoto niliowafundisha kusoma. Nikanunua pikapu kuukuu. Dada yangu ameolewa Tambach, kwa hivyo mteremko wa kutoka Iten naujua kwa mvua na kwa ukungu. Lakini Dereva hakuwa amewahi kuniona nikishika usukani. Alipokuwa mume wangu alijitolea mara mbili kunifundisha, na mara zote mbili nikamwambia nina vitabu vya kusahihisha.

Baada ya kona ya kumi miti iliisha. Kulikuwa na nyasi fupi, mawe, na upande wangu ukuta mdogo ambao haungemzuia hata mbuzi. Ng'ombe walikuwa wakila majani mahali ambapo mtu wa kwetu angeogopa kupeleka mbwa.

Tulipokuwa karibu na kona ya kumi na nne basi lilitokea juu yetu. Lilikuwa refu, la abiria, na lilipofika kwenye mpindo halikuwa na nafasi ya kupita sisi tukiwa pale. Aliyeliendesha alisimama, akanionyesha kwa mkono mmoja, bila hasira, kwamba mwenye kurudi nyuma ni mimi. Nikatazama kioo. Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo jekundu na pikipiki nne.

Nikasikia mlango wa kulia ukifunguka. Dereva alikuwa ameshuka.

Alitembea hadi nyuma, akainua mkono kwa wale wa pikipiki, akawaambia kwa Kiswahili, "Rudini! Rudini kidogo, wazee!" Wakarudi. Akamfanyia mwenye gari jekundu vivyo hivyo, naye akarudi. Kisha akaja mahali ambapo ningemwona kwenye kioo, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya kazi, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kiplombe:

"Mwalimu, ukiniona, kuja. Ukinipoteza, simama. Nikipiga bodi mara mbili, endelea. Nikipiga mara moja, kanyaga breki."

Nikaweka gia ya nyuma. Vidole vyake vilinionyesha kulia, kulia, nyoosha. Alipiga bodi, ubavu wa gari, mara mbili. Nikaendelea kurudi. Tairi la nyuma lilipita kando ya ukuta ule mdogo na nikasikia changarawe ikimiminika chini kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akapiga mara mbili tena. Kisha mara moja. Nikasimama. Basi likapita likiacha upana wa kiganja kati yetu na vioo vyake, na abiria wazee waliokuwa dirishani wakatupigia makofi.

Aliporudi ndani alikuwa akihema. Alifunga mkanda, akatazama mbele. "Haya," akasema. Mguu wake haukukanyaga tena sakafu mpaka juu.

Mwaka ule wa uchaguzi matokeo yalitangazwa Jumapili jioni. Asubuhi yake moshi ulionekana pande tatu za Kiplombe. Binti yetu, kwa bahati, alikuwa kwa mama yangu Ainabkoi tangu Krismasi. Dereva alikaa ndani, mapazia yamefungwa, lori la Hajji likiwa limeegeshwa nyuma ya nyumba kama kawaida. Simu zililia, kisha salio likaisha na hakukuwa na duka lililofunguliwa la kununua kadi.

Siku ya tatu Hajji alikuja. Alikuja kwa miguu, kofia kichwani, koti la kijivu, fimbo mkononi, kwa sababu barabara zilikuwa zimewekwa mawe na magogo na hakuna gari lililopita bila kukaguliwa. Sikuwa nimewahi kumwona akitembea mbali kuliko kutoka dukani hadi msikitini. Alisimama sebuleni, akakataa kuketi.

"Nimekuja kuchukua gari yangu," alisema. Kisha akamtazama mume wangu. "Na kila kitu iko ndani ya gari pia ni yangu. Mumenielewa?"

Tulimwelewa. Kwenye lori kulikuwa na magunia matupu ya ngano. Dereva alipanda akalala kifudifudi sakafuni, nami nikampangia magunia juu, moja baada ya jingine, kama mtu anayefunika viazi visipigwe na jua. Hatukuambiana kitu. Nilidhani tungekuwa na dakika moja zaidi. Hajji akapanda mahali pa dereva, akalitia lori gia kwa kishindo, likatoka langoni. Barabarani walikuwa wamesimama vijana. Lori lilipowapita nilikuwa nimeshageuka, nikarudi kwenye ungo wa maharagwe niliokuwa nikichagua.

Nyumba ya jirani wa kulia ilichomwa, na ya kushoto ikachomwa. Yetu haikuguswa. Wiki mbili baadaye nilibeba chakula hadi kwenye mahema ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho mjini, nikaambiwa amepanda lori lingine kwenda Nakuru. Kwa simu alisema atarudi hali ikitulia. Hali ikatulia. Mwaka wa tatu alipiga simu akaniambia kuna mama mmoja karibu na Njoro, ana shamba la viazi, na wameanza maisha. Nilikuwa nikisahihisha mitihani ya darasa la saba. Nilimwambia sawa, nikaendelea kusahihisha. Binti yetu aligawa likizo zake kati yetu, Aprili kwangu, Agosti kwake, na hakuna aliyemfundisha kumchukia mwenzake. Hilo nalihesabu kuwa kazi nzuri tuliyofanya kwa pamoja.

Juu mlimani kulikuwa na uwanja wa kuegesha magari na theluji ya zamani kando, yenye vumbi. Binti yetu aliomba kipande cha kuweka kwenye mguu. Baba yake akachimba kwa mikono, akamfungia kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nikachemsha chai kwenye jiko la gesi. Binti akalala. Tukatoka nje na vikombe, tukaketi kwenye ngazi ya gari, na kwa sababu ya upepo ilibidi tuketi karibu.

Dereva alikunywa nusu ya kikombe, kisha akasema, "Siku ile ulinigeuzia mgongo."

Sikumuuliza siku gani.

"Nilikuwa na nafasi kidogo ya kuona, kati ya mbao," alisema. "Nilitaka nikuone. Nikaona mgongo wako na leso yako ya manjano, unaenda zako."

"Vijana walikuwa barabarani."

"Najua. Nilijua hata siku ile. Ungepunga mkono, ningekuwa nimekufa." Aliuzungusha mkono wa kikombe kwa kidole. "Kujua najua. Lakini nikikukumbuka, kwanza unakuja huo mgongo. Nimejaribu kuuondoa. Hauondoki."

Niliwaza kidogo. Halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata dada yangu. Aliyesimama mbele ya vijana wale alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha darasa la nne na la tano. Alikuwa na upinde na mishale mitatu. Hajji alipokuwa akihangaika kuwasha lori nyuma ya nyumba, kijana huyo alikuja hadi langoni, akanisalimia.

"Alisema, 'Habari ya asubuhi, Mwalimu.' Kama yuko shuleni. Nikamjibu nzuri. Akauliza, 'Mzee yuko?' Nikamwambia alienda kwao tangu Krismasi."

"Akaamini?"

"Kamba yako ya viatu ilikuwa kwenye ngazi. Viatu vyako vya kazi vilikuwa hapo, ulivyovaa usiku kwenda chooni, na tope bado bichi. Aliviangalia. Kisha akanitazama mimi, akasema, 'Sawa, Mwalimu,' akawaambia wenzake waachie lori nafasi."

Dereva akauliza, "Yuko wapi sasa?"

"Kiplombe. Ana bodaboda. Watoto wake wawili wako kwenye shule yangu. Wa kwanza nilimfundisha mwenyewe."

"Mnaongea?"

"Juu ya karo na daftari. Hajawahi kutaja. Na mimi sijataja."

Alimwaga masalio ya chai kwenye theluji. Nilitarajia aseme jambo, la shukrani kwa kijana au la hasira, na ningekubali lolote. Alisema tu kwamba tuanze kuteremka kabla mawingu hayajafunga.

Kuteremka ndiko kazi. Kupanda, gari likichoka linasimama. Kuteremka, likichoka linakupeleka linapotaka. Nililishika kwa gia ya pili, injini ikiguna, na kwenye sehemu zilizonyooka nikagusa breki na kuachilia, kama ninavyofanya pale Tambach. Gari mbili zilitupita zikitoa harufu ya breki zilizoungua. Dereva alizinusa akatikisa kichwa, na hakunipa maagizo yoyote. Badala yake akaanza kunisimulia yaliyotokea lori lilipotoka langoni kwetu. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimejua mwanzo na mwisho tu.

Kabla ya kufika barabara kuu walikuta gogo, na vijana wengine, wasiotujua. Wakataka kupanda kukagua. Yeye chini ya magunia alisikia kila neno.

"Hajji hakukataa," alisema. "Akawaambia, 'Pandeni, pandeni. Lakini hiyo magunia ilibeba mbegu ya ngano, ile imepakwa dawa. Mtu wangu wa kupakia alilala nayo, leo macho yake haioni. Mimi nimewaambia. Msikuje kwa duka yangu kulia.'"

Nilicheka. Sikutegemea kucheka. Hakukuwa na mtu wa kupakia aliyepofuka. Hajji alijitungia uongo huo papo hapo, yeye ambaye alikuwa akiwafukuza dukani wateja waliomtajia bei isiyo ya kweli.

"Hakuna aliyepanda," Dereva aliendelea. "Lakini mmoja alikuwa na mkuki. Akauingiza kati ya mbao, pa, pa, pa, mara tatu. Ya kwanza ilipita juu. Ya pili ikaingia kwenye gunia karibu na sikio. Ya tatu ikanipata hapa."

Alikuwa akifungua vifungo vya shati. Mbele yangu kulikuwa na kona namba sita, na ukuta, na anga tupu nyuma ya ukuta.

"Siwezi kuangalia," nikamwambia.

"Usiangalie. Endesha." Akavifunga tena. "Sikulia. Niliuma gunia. Hajji alinipeleka mpaka kituo cha polisi, akanivalisha koti lake ili damu isionekane, akaliacha lori hapo, akarudi dukani kwa miguu na kanzu tu. Sikumwona tena."

Hajji alifariki miaka miwili baadaye. Mimi nilienda mazishini, nikasimama nje ya boma pamoja na wanawake, na mjane wake akanishika mkono bila kujua mimi ni nani. Nilimwambia Dereva hivyo. Akasema, "Vizuri. Ulituwakilisha."

Chini kulikuwa na joto tena, na miti, na kambi kando ya mto. Niliegesha, nikazima injini, nikavuta breki ya mkono. Binti alipokwisha kushuka kwa kuruka-ruka na mguu mmoja kwenda kutafuta bafu, nikamgeukia baba yake.

"Nionyeshe sasa."

Alifungua shati. Kovu lilikuwa chini ya bega la kushoto, upande wa nyuma, urefu wa kidole, limeshonwa vibaya. Mwili wa mtu huyu niliujua wote: alipoungua na chujio la oili, alipoumwa na mbwa Chepsaita, alama ya chanjo. Hili sikulijua. Niliweka kidole juu yake kwa muda mfupi. Lilikuwa gumu na laini kwa wakati mmoja. Kisha nikamwambia afunge shati, mbu wanaingia, nikaenda kupika wali.

Siku nne zilizobaki niliendesha mimi. Tuliongea habari za kawaida: mahindi, magonjwa ya viazi, bei ya mbolea, kama binti yetu ana mtu. Ana mtu. Hatukurudia yale ya juu ya mlima.

Tulisafiri kurudi kwa ndege moja, kwenye viti vilivyo mbali. Mke wake alikuja kumpokea Nairobi na gari la jirani, na hakukubali nipande basi kutoka pale, maana njia ya Eldoret inapita karibu na kwao. Ndivyo nilivyofika Njoro kwa mara ya kwanza. Ni mama mfupi, mcheshi, anayeongea akifanya kazi. Alinipa chai na viazi vya kuchemsha, akanionyesha jiko jipya alilojengewa na wanawe wa ndoa ya kwanza. Dereva alikuwa amelala chumbani, amechoka na safari. Mke wake alinisindikiza hadi stendi, akibeba begi langu ingawa nilikataa, akasema:

"Alinipigia simu kutoka huko, mara tu mlipofika chini. Nikadhani kuna shida. Alikuwa anataka tu kuniambia vile umeendesha."

"Alisema nini?"

"Ati amefanya kazi na madereva wengi, na ni wachache wanajua kuteremka."

Mimi hakuwa ameniambia. Nilimshukuru, nikapanda basi la saa nane, na nikapata kiti upande wa dirisha.